Majibu ya damu ya mbuzi wako, na kisima unachowanyweshea

Swali limetoka kwa mama mmoja mfugaji wa Mokowe, ng'ambo ya Amu. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Asalaam aleikum daktari. Nafuga mbuzi 23 na kondoo 9. Tangu kaskazi iliyopita mbuzi wanatafuna mifupa na kamba za plastiki. Walio weusi wamegeuka rangi ya kutu. Wanambuzi wawili wamekuja na miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Nilitolewa damu mbuzi majike wanne, na wastani uliorudi ni kalsiamu 9.3, fosforasi 2.8, magnesiamu 2.2, shaba 0.41. Nimeambiwa maadamu kalsiamu iko sawa basi chakula kiko sawa, na kwa hiyo shaba niwamwagie wote madini ya ng'ombe kwenye hori moja. Jiwe la chumvi nililowatundikia hawaligusi. Kisima chetu maji yake ni ya munyu. Na kondoo dume niliyekuwa nikimnenepesha kwa Idd, nikimlisha pumba, alikufa akishindwa kukojoa. Mfuko wa madini nimeshaununua, wa kilo 10, sijaufungua. Niufungue?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Usiufungue. Uweke juu, mbali na kondoo, nami nitakueleza kwa nini. Umenieleza mambo sita kwa mara moja, na nilipoyasoma mara ya pili niliona kwamba matatu yanatoka mahali pamoja, nayo ni kisima chako. Lakini twende polepole, maana karatasi yako ya maabara inasema zaidi ya ulivyoambiwa.

Nianze na hiyo kalsiamu. Aliyekwambia "kalsiamu iko sawa, basi chakula kiko sawa" hakukudanganya kwa makusudi. Kosa hili nalisikia Malindi, nalisikia Witu, nalisikia hata kwa watu waliosomea mifugo. Kalsiamu ya damu inalindwa kuliko kitu chochote kingine mwilini mwa mbuzi. Moyo unaihitaji ili upige, misuli inaihitaji ili ijikunje, kwa hivyo mwili hauthubutu kuiacha ishuke. Shingoni mwa mbuzi kuna vitezi vidogo mno vinavyoipima saa zote. Ikipungua kidogo tu, vitezi hivyo vinatoa homoni inayokwenda kwenye mifupa na kuchota. Mifupa inapungua, damu inabaki 9, na karatasi inaandika "kawaida". Mgeni akipokewa barazani kwa kahawa na haluwa, hawezi kujua kama ghalani mna gunia au mna panya.

Kwa mbuzi mzima kalsiamu ya damu huwa kati ya miligramu 8.5 na 11.5 hivi kwa kila desilita. Wako wana 9.3. Maana yake ni moja tu: siku ile ilipotolewa damu, ulinzi ule ulikuwa unafanya kazi. Haisemi lolote juu ya hori. Pale ambapo kalsiamu ya damu inaanguka kweli ni wakati wa kuzaa, hasa kwa jike mwenye mapacha au mwenye maziwa mengi, kwa sababu maziwa yanaivuta upesi kuliko mifupa inavyoweza kuitoa. Utamkuta amelala, masikio baridi, shingo imepinda ubavuni. Huyo ni wa kupigiwa daktari simu usiku huohuo.

Hata hivyo, kwa upande wako mimi siogopi kalsiamu, na sababu yangu haimo kwenye karatasi. Mbuzi wako wanakula majani ya miti na vichaka, na majani hayo kwa kawaida yana kalsiamu nyingi. Na ardhi yenu ya pwani imekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu. Ukuta wa nyumba ya Amu ni kalsiamu, chokaa yake ni kalsiamu. Magnesiamu yako 2.2 nayo ni nzuri, tuiache hapo.

Sasa fosforasi. Hii haina mlinzi mkali kama wa kalsiamu. Chakula kikipungua fosforasi, damu nayo inapungua, kwa hivyo kipimo chake kinakaribia kusema ukweli wa hori. Mbuzi mzima aliyeshiba fosforasi huwa na miligramu 4 hadi 8 kwa desilita. Wako wana 2.8. Hapo niliuliza swali moja kabla ya kuamini: damu ilisafiri vipi? Chembe nyekundu za damu ya mbuzi ni ndogo kuliko za mifugo mingine yote ya nyumbani, na ni dhaifu. Damu ikikaa kwenye joto, ikatikiswa ndani ya basi kutoka Mokowe hadi Mombasa bila kutenganishwa, chembe hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na vilivyomo ni pamoja na fosforasi na potasiamu. Yale majimaji ya juu, yanayotakiwa yawe ya rangi ya maji ya mua, yanageuka ya waridi. Lakini tazama: makosa ya namna hiyo yanapandisha fosforasi. Hayaishushi. Kwa hivyo hata kama damu yako ilichelewa njiani, ile 2.8 ingekuwa ndogo zaidi kama ingepimwa vizuri. Naiamini.

Na mbuzi wenyewe wamekwisha kukwambia. Mnyama mwenye njaa ya fosforasi hutafuta mifupa. Daktari wa mifugo Arnold Theiler alilifuatilia jambo hili kwa ng'ombe wa Afrika Kusini zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa kupooza, na akaonyesha kwamba malisho yalikosa fosforasi, ng'ombe wakala mifupa ya mizoga, na sumu iliyokuwa kwenye mizoga ndiyo iliyowaua. Sumu hiyo ni ya botulizimu, na mbuzi na kondoo nao inawaua. Kwa hivyo leo, kabla ya kununua chochote, chukua kikapu uzunguke uwanja na njia wanayopita, okota mifupa yote na mizoga ya kuku na paka, uizike chini kabisa. Kamba za plastiki nazo. Zikijikusanya kwenye tumbo kubwa la mbuzi zinafungana kama kamba za nanga, na hakuna dawa ya kuziyeyusha.

Kwa nini ilianza kaskazi? Jani linapokomaa na kukauka, fosforasi yake inashuka, ilhali kalsiamu inabaki palepale. Kuanzia Desemba hadi Machi, mbuzi wa bara ya Lamu anakula majani yaleyale aliyoyala wakati wa masika, ila ndani yake hamna kitu kilekile.

Nimefika kwenye shaba, na hapa nataka unisikilize vizuri kuliko popote.

Ghala la shaba ni ini. Chakula kikileta shaba, ini linaweka. Chakula kikikosa, ini linatoa kidogo kidogo, na damu inabaki ya kawaida miezi mingi. Damu inaanza kushuka pale ini linapokuwa limekaribia kwisha. Kwa hivyo kipimo cha damu kikisema shaba ni ya kawaida, usifurahi sana. Kikisema imeshuka, amini. Kiwango kizuri ni kama mikrogramu 0.7 hadi 1.2 kwa mililita moja, na wako wana 0.41. Ghala limefagiliwa. Tena kuna jambo la kuongeza uzito: mnyama mwenye uvimbe au homa hupandisha shaba ya damu hata kama ini lake halina kitu. Kama mmojawapo wa hao wanne alikuwa na uvimbe au homa, hali yake huenda ni mbaya kuliko inavyosomeka.

Ile rangi ya kutu ni alama ya shaba. Weusi wa nywele unatengenezwa na kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila shaba. Ikikosekana, nywele mpya zinaota bila weusi wake, hudhurungi, zimekauka, na mara nyingi huanza kuzunguka macho kama miwani. Mshike mmoja leo, umgeuze mkia. Mara nyingi ncha ya mkia wa mbuzi aliyekosa shaba hupoteza nywele katikati na kubaki imegawanyika, kama mkia wa samaki.

Wanambuzi wawili ni jambo la huzuni zaidi. Mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo ina utando wa mafuta unaoifunika kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Utando huo unajengwa tumboni mwa mama, na shaba ni lazima. Mama akikosa shaba katikati ya mimba, mtoto anazaliwa na waya uliochubuka, miguu ya nyuma inayumba, au anazaliwa mzima kisha anaanza kuyumba akiwa na wiki kadhaa. Mtafiti wa mifugo Bennetts alithibitisha chanzo hiki kwa wanakondoo wa Australia Magharibi mwaka 1937, na hapa Kenya ugonjwa unaofanana nao umeandikwa kwa mbuzi na kondoo tangu miaka ya 1960. Uharibifu ukishakuwapo haurudi. Ukimpa shaba mtoto aliyekwisha kupooza, huenda ukazuia usizidi, lakini hutamsimamisha. Asiyeweza kabisa kusimama kunyonya, usimtese.

Kabla ya kukata tamaa, lakini, mpapase kila mtoto anayeyumba: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya kwato. Kupe mmoja wa aina fulani anatosha kumpoozesha mwanambuzi, na akitolewa mtoto husimama baada ya siku moja au mbili. Na kama misuli ya mapaja ni migumu na inamuuma ukiishika, hapo fikiria upungufu wa seleniamu na vitamini E, ambao tiba yake ni nyingine. Sindano ya seleniamu usidunge kwa kukisia. Kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua vimekaa jirani sana.

Basi shaba imekwenda wapi? Hapa ndipo kisima kinapoingia.

Kisima cha munyu pwani kwetu kwa kawaida ni maji matamu yaliyochanganyika na ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, hasa tukichota zaidi ya mvua inavyorudisha. Wakati wa kaskazi inazidi. Na maji ya bahari hayana chumvi ya kupikia peke yake. Kila lita ina kama miligramu 2,700 za salfeti, aina ya chumvi yenye salfa. Chukua mfano: kisima ambacho sehemu moja katika nane ni bahari kinakaribia miligramu 4,400 za chumvi zote kwa lita, na ndani yake miligramu 340 hivi ni salfeti. Mbuzi akinywa hayo, vijidudu vya tumbo lake kubwa vinageuza salfeti kuwa salfaidi, na salfaidi inaikamata shaba ya majani na kuigeuza kitu kisichoyeyuka. Kama malisho yana molibdenamu nayo, madini mengine ya udongoni, inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hivyo viwili vikikutana vinatengeneza mchanganyiko unaoifunga shaba hata ikishaingia mwilini. Mbuzi anaweza kula shaba ya kutosha kila siku na ikatoka yote kwenye mavi.

Na jiwe la chumvi? Madini ya kulamba yametengenezwa kwa hesabu moja: mnyama ana hamu ya chumvi, atalamba chumvi, na humo humo atapata fosforasi, shaba na kobalti. Hesabu hiyo inafaa Laikipia. Mbuzi wako anakunywa chumvi kila siku, na akishuka ufukweni anakula majani ya mchu, ambayo ukiyalamba ulimi wako mwenyewe utahisi chumvi juu yake. Huyo ana haja gani na jiwe? Sio mkaidi. Ameshiba sodiamu. Nimeona mawe ya namna hiyo yakining'inia mazizini huko Pate, mwaka mzima, pembe zake bado kali kama siku yalipotoka dukani, na mwenye mbuzi anaamini kwamba mbuzi wake wanapata madini.

Kwa hivyo pima maji. Hili ningelifanya kabla ya kutoa damu tena. Jaza chupa safi ya lita moja, uisuuze kwanza mara tatu kwa maji yaleyale, uandike tarehe, na uombe maabara ikupimie jumla ya chumvi, salfeti na kloraidi. Chini ya miligramu 3,000 za chumvi kwa lita huna wasiwasi. Kufikia 5,000 mbuzi wanavumilia. Ikipita 7,000, wenye mimba na wanaonyonyesha wasinywe peke yake. Ikipita 10,000, hayo si maji ya mifugo. Nanyi mna kitu ambacho wafugaji wengi wa bara hawana: jabia, yaani birika la maji ya mvua. Hata kama jabia lenu halitoshi mbuzi wote, changanya nusu kwa nusu kwa majike wenye mimba, nusu ya chumvi na nusu ya salfeti imeondoka bila kununua kitu.

Narudi kwenye mfuko wako, na kondoo wako tisa.

Mbuzi na kondoo tunawachunga pamoja, tunawaita kwa jina moja sokoni, lakini kwa shaba ni viumbe mbali. Kondoo haja yake ni miligramu 5 hadi 10 za shaba kwa kila kilo ya chakula kikavu, na ikipita 15 kwa muda mrefu inaanza kumdhuru. Mbuzi anavumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. Ng'ombe zaidi bado, na madini ya ng'ombe yanatengenezwa kwa ng'ombe. Tofauti iko kwenye ini: ini la kondoo linapokea shaba na halijui kuitoa. Linaweka, linaweka, wiki kwa wiki. Mnyama anakula, ananawiri, na damu yake ukiipima ni ya kawaida kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwa mfugaji mmoja nje kidogo ya mji wa Malindi. Alikuwa na kondoo wazuri sana, aliwalisha madini ya ng'ombe pamoja na takataka za banda la kuku, ambazo nazo zilikuwa na shaba. Asubuhi ile aliwahamisha zizi, akawatembeza kwenye jua kali, na jioni mmoja akasimama peke yake, kichwa chini. Nilimvuta kope la chini: ndani palikuwa na rangi ya binzari. Nikasubiri akojoe. Mkojo ulitoka mweusi mwekundu, kama kahawa tungu iliyobaki chini ya dele. Alikufa kabla ya alfajiri, na wengine wakamfuata wiki ileile. Nilipompasua, figo zilikuwa nyeusi zinazong'aa ubuluu, kama chuma cha mtutu, na ini limegeuka rangi ya chungwa. Ini lilikuwa limejaa hadi likashindwa, likamwaga shaba yake ndani ya damu kwa siku moja, na chembe nyekundu zikayeyuka. Nilikuwa na damu za kondoo hao za mwezi mmoja nyuma, zilizopimwa kwa jambo jingine. Shaba yake ilisomeka ya kawaida. Tangu siku hiyo siandiki neno "kawaida" mbele ya shaba ya kondoo.

Hori moja, basi, hapana. Shaba unayotaka kuwapa mbuzi lazima ifike kwenye kinywa cha mbuzi tu. Njia ninayoipenda ni kapsuli zenye vipande vidogo vya waya wa oksidi ya shaba. Mbuzi anameza, vipande vinakwenda kukwama kwenye tumbo la nne, vinayeyuka polepole kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa vinayeyukia huko mbele, salfaidi ya tumbo kubwa haivipati. Mbuzi mzima gramu 4, mdogo gramu 2, mara moja, kisha usirudie kabla ya kupima. Mwombe daktari wa mifugo wa kaunti aje akuwekee na akuandikie, asikuachie pakiti. Mwanzo mzuri ni majike wenye mimba ya miezi miwili hadi mitatu, kwa ajili ya hao watoto ambao hawajazaliwa.

Mrututu uache dukani. Najua unauzwa rahisi, na ni shaba kweli, na wapo wanaoukoroga kwenye ndoo ya maji kwa kukisia. Aliyetangulia kwenye ndoo anakunywa sumu na wa mwisho hapati kitu. Hata ukiutumia kuoshea kwato, mwaga maji yale mbali na uyafunike kwa udongo, maana kondoo mwenye kiu atayanywa.

Kondoo wenyewe hujawapima. Usiwatibu kwa damu ya mbuzi. Wanakunywa kisima kilekile, huenda nao wamepungukiwa, lakini sitaki kukisia kwa mnyama ambaye kosa lake haliponyeki. Siku utakapochinja, kwa Idd au kwa akika ya mtoto, kabla ini halijaenda jikoni kata kipande cha ukubwa wa tende mbili, kitie kwenye mfuko safi, andika ni cha mbuzi au kondoo, umri wake, tarehe, ukigandishe. Kipande hicho kinasema juu ya shaba kuliko damu ya kundi zima. Chini ya miligramu 25 kwa kilo ya ini kavu ni upungufu. Kondoo akikaribia 500, umeshaingia hatarini. Maabara ya mifugo ya Pwani iko Mariakani, na chuo cha mifugo na maabara kuu ziko Kabete. Piga simu kwanza uulize wanapima nini wiki hiyo, usisafirishe ini hadi ukakute mashine haifanyi kazi.

Sasa kondoo dume wa Idd. Hapa utaniona kama nimejipinga, maana nimekwambia mbuzi wako wana njaa ya fosforasi, na sasa nakwambia fosforasi ndiyo iliyomuua kondoo. Yote ni kweli, na yalitokea uwanja mmoja. Pumba, za mahindi au za mpunga, zimejaa fosforasi na zina kalsiamu kidogo sana. Mnyama anatakiwa apate kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Ukimfunga dume kambani mwezi mzima kabla ya Mfungo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja, akila pumba asubuhi na jioni na majani kidogo, hesabu inageuka kichwa chini. Fosforasi iliyozidi inatoka kwenye mkojo na kuganda kuwa changarawe. Jike ana njia fupi na pana, changarawe zinapita. Dume njia yake ni ndefu, imepinda, na mwisho wake kuna kamshipa kembamba kama uzi mnene, na hapo ndipo zinapokwama. Aliyehasiwa mapema ni mbaya zaidi, kwa kuwa njia yake haikukua. Ndafu msihasi kabla ya miezi mitatu au minne.

Mkimnenepesha mwingine, majani ya miti yawe sehemu kubwa ya chakula na pumba ziwe kidogo, maji mengi ya jabia mbele yake saa zote, na katika kila kilo ya pumba changanya kijiko kimoja kikubwa cha unga laini wa mawe ya matumbawe. Nasema mawe yaliyosagwa, yasiyochomwa. Chokaa ya tanuri itamchoma mdomo na tumbo. Angalia nywele za pale anapokojolea: ukiona punje kama mchanga zimeshika, changarawe zimeanza. Ukimwona anajikamua, anapigapiga mkia, anasaga meno na hakitoki kitu, una saa chache. Daktari anaweza kukata kale kauzi kwenye ncha na mara nyingine mkojo ukatoka palepale. Kibofu kikishapasuka, mnyama ataonekana ametulia, na watu watasema amepona.

Kwa majike wenye njaa ya fosforasi, pumba hizohizo ndizo dawa ya kwanza: konzi mbili kwa kila mmoja jioni wanaporudi. Mkipata mashudu ya simsim au ya pamba kutoka Mpeketoni, ni bora zaidi, ila ya pamba usiwape watoto. Juu yake nyunyiza unga wa fosfeti ya kalsiamu, ule ambao madukani wanauita DCP, kijiko cha chai kimoja kwa mbuzi mzima, viwili kwa anayenyonyesha. DCP tupu haina shaba, hata kondoo jike wanaweza kulamba. Soma mfuko kabla ya kulipa. Kwa sababu umeuweka ndani ya pumba na si ndani ya chumvi, watakula. Ndani ya wiki tatu au nne utaona wanaacha mifupa. Rangi ya nywele itachukua miezi, mpaka nywele mpya ziote.

Kuna jambo dogo la kukuuliza, nalo linaweza kubadilisha yote niliyoandika. Umetazama kope zao? Mvute kila mbuzi kope la chini kwenye mwanga wa jua. Ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe kama karatasi, ana minyoo wa tumbo la nne wanaofyonza damu, au ameumwa na mbung'o huko upande wa msitu wa Boni akapata ugonjwa wa ndorobo, na hakuna madini yatakayomwokoa. Mbuzi anayefyonzwa damu huwa mkavu wa nywele na dhaifu, na ni rahisi kumdhania amekosa shaba. Wa minyoo mpe dawa kwanza, kwa uzito wake, wale tu walio weupe. Wa ndorobo anahitaji daktari.

Muhogo sikuusikia kwenye barua yako. Kama mnawapa majani yake kwa wingi, sema, maana hapo itabidi tuzungumze juu ya iodini na shingo za watoto wanaozaliwa. Chumvi ya mashamba ya Gongoni na Marereni ikiwa bado ghafi, kabla ya kuongezwa iodini kiwandani, ina iodini kidogo mno, ingawa imetoka baharini.

Damu utaitoa tena baada ya miezi mitatu, mbuzi wanane badala ya wanne, na kondoo sita. Itolewe alfajiri kabla hawajatoka. Mwambie mtoa damu asitumie kichupa chenye kizibo cha zambarau kwa kalsiamu, maana dawa iliyomo inaikamata kalsiamu na majibu yanakuwa uongo. Kwa shaba na zinki atafute chenye kizibo cha buluu iliyokoza, kwa sababu mpira wa vizibo vingine hutoa zinki. Damu igande kivulini, yale majimaji ya juu yamiminwe kwenye kichupa kingine hapohapo Mokowe, ndipo yapande basi yakiwa kwenye barafu.

Na huo mfuko wa kilo 10: muuzie jirani mwenye ng'ombe, kwa bei uliyonunulia. Mwulize kwanza kama ng'ombe wake wanalala zizi moja na kondoo.